Ketamini ya Thieta na Sonona ya Mdogo Wangu



Mimi ni muuguzi wa thieta katika hospitali moja ya hapa Tanga. Nina mdogo wangu wa kiume, tumeachiana ziwa. Yuko Houston, Marekani, anaendesha semi-trela. Baba yetu alifariki mwaka juzi, naye hakuweza kuja kuzika kwa sababu ya makaratasi yake. Tangu hapo si yule. Halali, hali, akipiga simu ananyamaza tu nasikia anapumua. Ameandikiwa dawa za sonona mara mbili. Ya kwanza aliiacha baada ya siku chache kwa sababu ilimvuruga tumbo, ya pili anaendelea nayo mwezi wa tano sasa na haoni tofauti.

Sasa kuna kliniki imemwambia itamtibu kwa ketamini, pamoja na mazungumzo na mwanasaikolojia. Shangazi, aliponitajia jina hilo nilikaa chini. Ketamini naijua. Ndiyo tunayowachoma watoto walioungua tunapowabadilisha bandeji, ndiyo tunayokimbilia usiku mama anapoletwa anavuja damu na mashine haifanyi kazi. Wakizinduka, wengine wanapiga mayowe, wengine wanalia, mmoja alisema dari lilifunguka akawaona marehemu wake. Sijaona hata mmoja aliyeamka huzuni imemtoka.

Anataka niuze kiwanja chake cha Pongwe ili alipie. Nyumba imefika kwenye lenta. Anasema pia ipo kampuni inayotuma vidonge vya ketamini hadi nyumbani kwa bei nafuu. Kaka yetu mkubwa anasema kulewa ni kulewa, ni haramu. Mama anaamini ni husda na ameshamtafuta mtu wa kuandika kombe, lakini hajui lolote kuhusu hospitali kwa sababu mdogo wangu ameniapisha nisimwambie. Juzi aliniambia, "Dada, natamani nilale nisiamke." Nifanye nini?

Dada Mtu, Tanga

*

Mwanangu, pole sana. Umeniandikia kwa kirefu kuhusu dawa, na jambo lililonishtua umeliweka mwisho kabisa. Mimi nitaanza nalo.

Mtu anayesema anatamani alale asiamke huulizwa swali moja, waziwazi, na huulizwa leo: "Unafikiria kujiua?" Usilizungushe kwa kusema "usiwaze mabaya" au "mkumbuke mama". Wengi wetu tunaogopa kwamba kulitamka ni kumpa mtu wazo. Sivyo. Tafiti zilizofanywa juu ya jambo hili zimeonyesha kwamba kuuliza hakuongezi hatari, na mara nyingi aliyeulizwa hupumua kwa kuwa hatimaye kuna aliyeona. Akijibu ndiyo, muulize kama ameshawaza njia, na kama njia hiyo anayo karibu. Yuko Texas, ambako bunduki hununuliwa dukani. Uliza kama ipo ndani ya nyumba au ndani ya gari, na kama ipo, ikakae kwa mtu mwingine mpaka atakapopata nafuu. Mpe namba 988, ya msaada kwa wanaofikiria kujiua. Hiyo anaipiga au anaitumia ujumbe kutoka popote Marekani, saa yoyote, bila malipo, na anaweza kuomba mkalimani. Hatari ikiwa ni ya dakika hiyohiyo, ni 911.

Kisha tafuta mtu mmoja wa hukohuko Houston, mmoja tu, ambaye mdogo wako anakubali awe na ruhusa ya kumgongea mlango. Watanzania wapo wengi katika mji ule. Wewe uko mbele yake kwa saa nane au tisa, kutegemea majira. Saa nane yake ya usiku ndipo wewe uko thieta na simu yako imefungiwa kabatini. Mapenzi yako hayawezi kuziba pengo hilo peke yake, na usijilaumu kwa hilo.

Hayo hayasubiri kliniki wala kiwanja. Sasa tuje kwenye ketamini.

Unachokijua ni kweli, ila ni nusu ya habari. Dawa hii ilitengenezwa Marekani mwaka 1962 na mkemia Calvin Stevens, aliyekuwa akiifanyia kazi kampuni ya Parke-Davis, ikajaribiwa kwa wafungwa wa Michigan waliojitolea mwaka 1964, na ikaruhusiwa rasmi kuwa dawa ya nusu kaputi mwaka 1970. Shirika la Afya Duniani limeiweka katika orodha ya dawa muhimu tangu 1985, na sababu yake wewe unaiishi: mgonjwa anaendelea kupumua mwenyewe, presha haiporomoki, na unaweza kumfanyia mtu upasuaji mahali ambapo umeme umekatika na mtungi wa oksijeni unasubiriwa kutoka mkoani. Hakuna anayeweza kukwambia ni dawa ya ajabuajabu.

Habari ya sonona ilikuja baadaye. Mwaka 2000 madaktari wa Chuo Kikuu cha Yale walichapisha jaribio dogo mno, la wagonjwa saba waliofika mwisho, waliopewa nusu miligramu kwa kila kilo ya uzito, kwa dripu, polepole kwa dakika arobaini. Hapo simama kidogo, kwa sababu wewe unajua kipimo. Unapomlaza mtu mzima kwa mshipa unampa miligramu moja mpaka mbili kwa kilo, na unaimaliza ndani ya dakika moja hivi. Mtu wa dripu ya sonona halali. Anaweza kukujibu ukimwita. Anajihisi amejitenga na mwili wake, muda unavutika, rangi na sauti zinageuka, pengine anapata maruweruwe, kisha ndani ya saa moja au zaidi kidogo anarudi.

Mwaka 2006 kikundi cha Carlos Zarate, katika Taasisi ya Taifa ya Afya ya Akili ya Marekani, kilirudia jambo hilo kwa watu 18 ambao dawa nyingine zilishindwa kuwasaidia. Siku moja baada ya dripu, asilimia 71 walikuwa wamepata nafuu kubwa. Ndani ya siku moja, mwanangu, wakati dawa za kawaida za sonona huchukua wiki kadhaa. Lakini wiki moja baadaye waliobaki na nafuu ile walikuwa asilimia 35. Namba hizi mbili zisomwe pamoja kila wakati. Matangazo ya kliniki hupenda kutaja ya kwanza tu.

Na mwaka 2023, katika jarida la tiba la New England, ulichapishwa utafiti mkubwa zaidi uliolinganisha dripu za ketamini na tiba ya umeme kwa watu waliokuwa na sonona sugu isiyo na dalili za kuchanganyikiwa. Waliopata ketamini walipewa dripu mara mbili kwa wiki kwa wiki tatu. Asilimia 55 kati yao walipata nafuu, dhidi ya asilimia 41 ya waliopigwa umeme. Kwa hiyo kaka yako mkubwa akikwambia ni biashara ya matapeli, mjibu kwamba biashara ipo, na tiba pia ipo.

Umeuliza, bila kuuliza, mbona wagonjwa wako hawaamki wakiwa wamepona huzuni. Swali hilo madaktari wa Stanford walijiuliza pia. Walichukua watu 40 wenye sonona waliokuwa wanakwenda kufanyiwa upasuaji wa kawaida, wakawalaza kwa nusu kaputi, kisha wakiwa hawajitambui nusu yao wakapewa ketamini kwa dripu na nusu nyingine maji ya chumvi. Majibu yalitoka 2023. Makundi yote mawili yalipata nafuu kubwa, na tofauti kati yao haikuonekana. Ambao wenyewe walidhani wamepewa ketamini walielekea kufanya vizuri zaidi. Wapo wanaosoma matokeo hayo na kusema ketamini ni matumaini tu. Mimi siyasomi hivyo. Ninachoona ni kwamba kutayarishwa, kuangaliwa na watu wanaojali, na kutarajia kupona ni sehemu ya tiba yenyewe, na kwamba huenda kile anachokipitia mtu akiwa macho kina uzito wake. Wagonjwa wako wa dharura hawakupata hata kimoja kati ya hivyo. Waliletwa na damu na hofu, wakachomwa, wakaamka na kidonda. Na hakuna aliyerudi baada ya wiki kuwauliza roho zao zinaendeleaje.

Hapa ndipo penye tofauti kati ya thieta yako na chumba alichoelezwa mdogo wako. Mlifundishwa kumweka mgonjwa anayezinduka mahali pa utulivu, mpunguze mwanga, msimguseguse, msipige kelele, maana akishtuliwa anazinduka na mayowe. Mkiona inafaa mnampa na diazepamu ili asione anayoyaona. Kwenu yale maono ni madhara ya kuzuiwa. Kwa wanaofanya tiba hii ya ketamini na mazungumzo, maono hayohayo yanatayarishiwa mahali. Mgonjwa anakuwa ameshakutana na mtaalamu wake mara kadhaa kabla, wamezungumza kinachomsumbua na anachokihofia. Siku yenyewe anapimwa presha, anakaa kwenye kiti kinacholala nyuma, anafunikwa blanketi, anafunikwa macho kwa kitambaa, muziki usio na maneno unapigwa taratibu. Dawa anapewa kwa dripu, au kwa sindano ya msuli, au kwa kidonge cha kumung'unya. Mtaalamu amekaa pale muda wote. Hamhoji. Anasubiri. Akilia, anaachwa alie. Kisha siku moja au mbili baadaye wanakaa chini na kuyachambua: uliona nini, kilikukumbusha nini, sasa unafanya nini na hilo.

Utajiuliza kama hayo mazungumzo yana kazi au ni mapambo. Ukweli ni kwamba ushahidi wa ketamini yenyewe ni mwingi kuliko ushahidi wa ketamini ikiunganishwa na mazungumzo. Urusi, daktari Evgeny Krupitsky alianza katikati ya miaka ya 1980 kuwatibu walevi kwa njia hiyo, na kwa hesabu aliyoichapisha, karibu theluthi mbili ya waliotibiwa hivyo walikaa mwaka mzima bila pombe, dhidi ya kiasi cha robo ya waliotibiwa kwa njia za kawaida. Uingereza, kikundi cha Celia Morgan wa Exeter kilijaribu ketamini pamoja na tiba ya mazungumzo kwa watu 96 wenye tatizo la pombe, na mwaka 2022 kikaripoti kwamba waliopata dawa walikaa siku nyingi zaidi bila kunywa. Kwa sonona, tafiti za kuunganisha viwili hivyo ni chache na ndogo.

Hata hivyo, kwa mdogo wako, mimi nashikilia mazungumzo. Nitakwambia kwa nini. Huyu kijana hakumzika baba yake. Hakushika jeneza, hakutia udongo, hakukaa matangani, hakuna aliyemshika mkono akamwambia makiwa. Msiba ulimkuta barabarani akiwa peke yake na usukani, na kesho yake akapakia mzigo mwingine. Wanasayansi wanaeleza kwamba ketamini inaamsha seli za ubongo kujenga viungo vipya kati yao kwa muda mfupi baada ya kutumika. Ni kama mvua ya kwanza, inayolainisha ardhi bila kulima. Ikiwa katika hizo siku chache za kulainika hana mtu wa kumsimulia baba, ardhi itakauka tena, naye atadhani dripu inayofuata ndiyo iliyokosekana. Na ikumbuke ile habari ya mgonjwa wako aliyewaona marehemu wake. Mdogo wako naye anaweza kumwona baba. Sitaki amwone akiwa peke yake sebuleni kwake, kidonge kiko mdomoni.

Kwa hiyo vile vidonge vya kutumiwa nyumbani, hapana. Nasema hapana bila kupepesa. Sheria ya Marekani inamruhusu daktari kuandika dawa iliyosajiliwa kwa ugonjwa mwingine, ndiyo maana dripu za ketamini kwa sonona zinatolewa kihalali. Lakini Mamlaka ya Chakula na Dawa ya nchi hiyo haijaiidhinisha ketamini kwa ugonjwa wowote wa akili, na Oktoba 2023 ilitoa onyo mahsusi juu ya ketamini zinazochanganywa na maduka ya dawa na kutumika nyumbani bila mtu wa kuangalia: presha kupanda, kupumua kupungua, mtu kupotewa na fahamu, na uraibu. Mwezi huohuo mwigizaji Matthew Perry alikufa Los Angeles, na uchunguzi ukasema ketamini ndiyo iliyomuua, huku kuzama majini kukichangia. Alikuwa akitibiwa sonona na wasiwasi kwa dripu za ketamini, lakini iliyokutwa mwilini mwake haikuwa ya kliniki. Aliipata pembeni, na watu watano walishtakiwa. Uingereza wapo vijana wanaoinusa kwa starehe mpaka kibofu cha mkojo kinaharibika. Dawa ileile, mikono tofauti.

Ipo njia nyingine ambayo mdogo wako huenda hajaelezwa, na inaweza kuokoa kiwanja. Mwaka 2019 mamlaka hiyohiyo iliidhinisha ndugu wa ketamini, esketamini, ya kupuliza puani, inayouzwa kwa jina la Spravato. Hii imeidhinishwa kwa sonona yenyewe, ile ambayo angalau dawa mbili zimeshindwa kuitibu. Hutolewa katika kituo kilichosajiliwa, mgonjwa anajipulizia mbele ya mhudumu, anakaa akiangaliwa kwa saa mbili, haendi nayo nyumbani. Mwezi wa kwanza ni mara mbili kwa wiki. Kwa kuwa imeidhinishwa, bima nyingi huigharimia, ilhali dripu za ketamini mara nyingi bima hazigusi, na mgonjwa hulipa mamia ya dola kwa kila kikao. Mazungumzo na mwanasaikolojia anaweza kuyapata kando, siku nyingine, na hayo pia bima nyingi hulipia.

Sasa sikiliza hili kama muuguzi. Umetaja dawa mbili kana kwamba zote zimeshindwa. Ya kwanza aliiacha baada ya siku chache. Hiyo haikushindwa. Haikujaribiwa. Dawa ya sonona hupewa kama wiki sita hadi nane kwa kipimo kamili ndipo ihukumiwe, kwa hiyo mbele ya daktari makini mdogo wako ana dawa moja tu iliyofeli, na hata hiyo nauliza: kipimo chake kilipandishwa, au alipewa kile cha kuanzia na kuachwa nacho miezi mitano? Ikiwa kliniki ile imemkubali bila kuuliza swali hilo, inanitia shaka. Muulize pia kama amepimwa tezi ya shingo, na kama amewahi kuchunguzwa tatizo la kukatika pumzi usingizini, ambalo linawapata sana madereva wa magari makubwa na linaweza kumfanya mtu aonekane ana sonona. Na muulize kuhusu pombe kwa upole, kwa sababu dereva asiyelala hutafuta kitu cha kumlaza.

Akiendelea na kliniki ile, kabla hajalipa hata senti apige simu aulize ni nani hasa atakuwa chumbani, na ana leseni gani. Presha itapimwa mara ngapi, na ikipanda nani anafanya nini. Wameuliza kama ukoo wenu una mtu aliyewahi kusikia sauti au kuchanganyikiwa, maana ketamini inaweza kumwasha mtu wa aina hiyo? Wana mpango gani vikao vikiisha na huzuni ikarudi? Hilo la mwisho ndilo linalotenganisha daktari na muuza vifurushi. Daktari atakuwa na jibu la miezi ijayo: dawa ya kumeza inaendelea, mazungumzo yanaendelea, tunapimana kila baada ya muda fulani. Muuza vifurushi atasema utanunua kikao cha nyongeza.

Udereva nao usisahauliwe. Siku ya tiba haendeshi kitu chochote mpaka kesho yake, baada ya usingizi wa kutosha. Kwa mtu anayelipwa kwa maili, vikao viwili kwa wiki ni hasara ya mapato, na afadhali aihesabu mapema kuliko akajikuta anapanda gari jioni ileile kwa sababu mzigo unasubiriwa Oklahoma. Madereva wa magari makubwa Marekani hutakiwa kuwa na cheti cha afya. Matibabu haya ayataje kwa daktari anayempima kwa ajili ya cheti hicho. Asifiche.

Kuna la lugha pia. Mdogo wako anafanya kazi kwa Kiingereza, lakini nina hakika baba yake hakumlelea kwa Kiingereza. Hospitali na vituo vinavyopokea fedha za serikali kuu ya Marekani vinalazimika kisheria kumpatia mkalimani bila kumtoza. Kliniki ndogo ya kulipa taslimu huenda isilazimike. Aulize. Anaweza pia kutafuta mwanasaikolojia anayezungumza Kiswahili kwa njia ya video, mradi awe na ruhusa ya kisheria ya kumtibu mtu aliyeko Texas. Na asipopata, kuna jambo dogo analoweza kulifanya: jioni ya siku ya tiba ajirekodi kwenye simu, kwa Kiswahili cha nyumbani, aseme yote aliyoyaona kabla hayajamponyoka, kisha siku ya kukutana na mtaalamu ayasikilize upya na kuyaeleza. Wewe usimwombe akutumie hizo rekodi. Akitaka atakutumia.

Kuhusu haramu. Kaka yako ana haki ya kuuliza, na simdharau. Mpelekeeni swali sheikh mwenye elimu, lakini mulipeleke kama lilivyo: mgonjwa, daktari, kipimo, kituo cha tiba, ugonjwa unaoua. Msilipeleke kama "mtu anataka kulewa". Kaka yako hajawahi kukuuliza wewe kama ni haramu unapomchoma mama wa upasuaji dawa hiyohiyo.

Kiwanja usiuze sasa. Sisemi ni kwa sababu nyumba ina thamani kuliko mtu. Ikifika siku daktari wa kweli ameandika kwamba tiba inayomfaa ni ya kulipia na bima imekataa kwa maandishi, uza, lenta na vyote, na usimwangalie mtu usoni. Lakini leo njia ya bima haijajaribiwa, dawa haijapandishwa kipimo, na mwenye kiwanja ni mtu anayetamani asiamke. Mtu wa hali hiyo wakati mwingine huanza kugawa na kuuza vitu vyake, na wewe kama muuguzi unajua kwa nini hilo linatakiwa kutushtua. Mwambie kiwanja kipo, kina jina lake, na mtakiongelea baada ya kuonana na daktari wa akili wa pili. Kama anahitaji fedha ya kuonana na huyo wa pili, hiyo ndiyo ya kuchangishana.

Mama je? Kiapo ulichokula kina mpaka. Kuhusu aina ya tiba na majina ya dawa, ni siri yake, itunze. Kuhusu uhai wake, usikubali kubeba siri peke yako, na mwambie hivyo yeye mwenyewe kabla hujamwambia mtu mwingine: "Ketamini yako sitaisema. Lakini ukiniambia unataka kufa, nitamwamsha yeyote ninayeweza kumwamsha." Kisha omba ruhusa yake umwambie mama jambo moja tu, kwamba kifo cha baba kimemuumiza akawa mgonjwa, na yuko kwa madaktari. Sidhani atakataa. Wagonjwa wengi wanaotuapisha hutamani mtu awaombee ruhusa ya kuvunja kiapo kidogo. Na mama akishajua, kombe lake usilipinge. Mwache asome, aombe, aweke nia. Umzuie kwa kitu kimoja tu, kutuma mizizi au unga wowote wa kumeza kwa mtu anayekwenda Houston, kwa sababu presha ya mtu anayepewa ketamini haitakiwi kuchezewa na kitu ambacho daktari hakijui. Kisha mwombe mama amrekodie mdogo wako jinsi baba alivyozikwa: nani alimwosha, nani alisimamisha sala, kaburi liko upande gani wa mwembe, watu walikuwa wangapi. Hayo hakuna aliyemsimulia, kwa kuwa kila mtu alidhani yatamwongezea uchungu. Mtaalamu wake atakuwa na pa kuanzia.